Sauti kutoka Nkungu

Kila Jumatano, Umurerwa alipotoka shuleni, alimsindikiza babu yake, Mzee Nzabonimpa, kwenye kituo cha afya cha Bweyeye, nchini Rwanda. Ulikuwa mwaka 2001. Ng'ambo ya mpaka, Kongo, vita vilikuwa bado vinaunguruma, na barabara ya kwenda mji wa Kamembe ilikuwa mbovu hivi kwamba, kwa maneno ya mzee, hata mbuzi waliipanda wakishikana mikono. Daktari alifika kwa nadra. Wagonjwa wa sukari walizungumza na muuguzi Joséphine, aliyekuwa Kamembe, kwa foni, yaani redio ya mawasiliano; kila aliyemaliza kusema alitamka "Nakupa" ili mwenzake ajibu.

"Mzee, vidonge unameza? Na moyo uko namna gani? Nakupa."

"Moyo iko muzuri, Maman. Jana nilibeba ng'ombe begani, akachoka yeye. Nakupa."

Joséphine alicheka mpaka redio ikakoroma, akamsifu.

Umurerwa hakucheka. Alijua kwamba katika kila sherehe babu alikunywa umutobe, maji ya ndizi mbivu, matamu kama asali. Mwenyeji huonja kwanza, kisha humpa mgeni kikombe kuonyesha kwamba hakuna sumu. Ukikikataa, ni kama umemwita mwenyeji mchawi. Mzee alikuwa amerudi kutoka Bukavu, Kongo, baada ya miaka mingi, na hakutaka majirani waseme anawaogopa.

Baada ya ubatizo wa binti mkubwa wa jirani yao Karangwa, mzee alishindwa kusimama. Macho yalimfifia. Jumatano ilipofika, alijifunika blanketi, akageukia ukuta.

"Siendi tena. Na vidonge mutupe. Maman Joséphine ananisifu bure."

Umurerwa alijua bila dawa babu angekufa. Akaenda peke yake. Cassien, mhudumu wa kituo, akampa kipaza sauti.

"Maman, babu anakunywa umutobe kwa sababu anaona haya kukataa. Sasa amekata tamaa. Nakupa."

Cassien akajikuna kichwa. "Umurerwa, foni inasikika vituo vyote. Umetangaza mpaka kituo cha Nkungu."

Kabla hajajibu, sauti ya bibi mzee ikapasua redio. "Mimi ni Mukankusi wa Nkungu. Mwambie huyo mubeba ng'ombe aje. Tunamungoja."

Umurerwa alikimbia nyumbani, akaeleza yote bila kuficha.

"Umenivua nguo mbele ya watu," mzee akasema.

"Ndiyo, Babu. Nisamehe. Lakini wanakungoja."

Mzee akafunua blanketi. "Huyo mama ameniita nani?" Akachukua fimbo yake.

Kwenye foni, Mukankusi hakumcheka. "Mzee, hata mimi nililia nikidhani niko peke yangu. Siku hizi nikipewa kikombe nasema: nina sukari, mujukuu wangu atanywa kwa jina langu. Nani atampa mujukuu wake sumu? Nakupa."

Mzee akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Maman Joséphine, moyo haikuwa muzuri. Nakupa."

"Asante kwa kusema, Mzee. Sasa tunaweza kukusaidia."

Baadaye, Karangwa alipofanya sherehe ya kumtoa mtoto wake mchanga nje na kumpa jina, alionja umutobe, akamnyooshea mzee kikombe. Watu wakageuka kutazama. Mzee akasimama wima. "Nina ugonjwa wa sukari. Umurerwa atanywa kwa jina langu."

Umurerwa akanywa mpaka tone la mwisho. Karangwa akapiga makofi. "Amenikabidhi mutoto wake. Nani ameshaniheshimu hivi?" Akaagiza mzee aletewe maji safi.

Jumatano iliyofuata, Joséphine alimwita Umurerwa kwenye foni. "Vidonge vinatibu mwili, mwanangu. Lakini mgonjwa anayeficha huzuni yake anaugua mara mbili. Ukimwona mtu wenu ananyamaza, mtafutie wa kumsikiliza. Ukweli wako umemrudisha babu."

Mzee akampokonya mjukuu wake kipaza sauti.

"Vituo vyote, munisikie. Huyo aliyesema ukweli ni Umurerwa, wa kwangu mimi, Nzabonimpa wa Bweyeye."

Kutoka Nkungu, vigelegele vikajaa redioni.