Mkono Pacha wa Mzee Ambakisye

Mkono Pacha ulifyatua risasi ya kumi, na kwenye karatasi ya shabaha, mita ishirini na tano mbele yake, tundu lilikuwa bado moja. Halikuzidi kifungo cha koti. Ulishusha bastola taratibu, ukailaza juu ya sponji, kisha ukasema kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio:

"Kundi la matundu la milimita kumi na mbili. Hongera, fundi. Bastola hii haina dosari."

Fundi Atuganile hakufurahi hata kidogo. Hii ilikuwa mara ya tatu msimu huu kupewa hongera hizo, na mara mbili zilizotangulia mwenye bastola alikwenda mashindanoni akaaibika mbele ya watu.

Kila mlengaji wa Ligi ya Nyanda za Juu alikuwa na Mkono Pacha wake katika karakana ya Ukumbi wa Shabaha, pale Mbeya, chini ya mlima Loleza. Ni mkono wa chuma uliovikwa mpira laini, umenakiliwa kutoka kwa mtu mwenyewe: urefu wa vidole, unene wa kiganja, nguvu ya kukaza, hata ule mtetemo mdogo wa mishipa. Hufungwa kwenye meza ya zege na kushikishwa bastola. Mafundi waliuzoea hata wakawa wanauita Pacha tu, kama mwenzao wa kazini. Bastola zenyewe hazikuwa zikitoka ukumbini. Sheria ilikwisha kuzifungia humo miaka mingi, zikabaki kuwa vifaa vya mchezo kama mikuki ya kurusha uwanjani.

Kazi ya fundi ilikuwa kuichonga bastola imkae mwenyewe mkononi, kisha kumpikia risasi zake. Kupika ndilo neno la karakana. Mizani ya chembe hupima baruti punje kwa punje, mashine ndogo huketisha kichwa cha risasi kwenye ganda, na kila mtutu una mapishi yake unayoyapenda. Baruti ikizidi kidogo, mtutu hutingishika na risasi hutawanyika. Ikipungua, risasi hufika kwenye shabaha zimechoka. Fundi mzuri hupika mapishi ishirini, humpa Pacha ayaonje yote, kisha huchagua moja. Atuganile alikuwa fundi mzuri kupita wote wa ligi, na hilo hata wenye wivu walilikubali, ingawa kwa shingo upande.

Mwenye bastola hii alikuwa mzee Ambakisye, bingwa wa ligi mara nne. Kanuni ilisema kwamba mlengaji aliyevuka miaka sitini na tano akikosa alama mia tano na hamsini katika mashindano matatu mfululizo, anastaafishwa. Mzee alikuwa na miaka sitini na minane. Mara ya kwanza alipata mia tano thelathini na nane, mara ya pili mia tano arobaini na moja. Mashindano ya tatu yalikuwa Jumamosi, na leo ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Tena mzee huyo alikuwa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe usoni, hakuketi naye, wala hakulitaja jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke aliingia migombani mpaka mzee apite. Wengi walikwisha kuliacha jambo hilo tangu enzi za mabibi zao. Lakini mzee Ambakisye alikuwa mtu wa mila, na Atuganile alilelewa Kyela na bibi aliyekuwa mkali kwa adabu kuliko mwalimu wa zamu. Alipoolewa, aliamua mwenyewe kuishika desturi hiyo. Wakaishi miaka saba katika ua mmoja bila kuonana. Nyumba yenyewe iliwasaidia. Ilikuwa na taa ya heshima, ambayo huwaka rangi ya chungwa mzee akikaribia, ili mkwe apate kugeuka au kuingia jikoni. Ukumbini mzee alifanya mazoezi jioni, mkwe alifanya kazi asubuhi. Na siku za mashindano, zamu ya mzee ikifika, Atuganile huzima kioo cha karakana kinachoonyesha mchezo na kusubiri karatasi ya matokeo.

Asidhani mtu kwamba walichukiana. Atuganile alipoingia ligi, hapakuwa na fundi mwanamke, na walengaji walikuwa wakimpita karakanani kana kwamba ni fagio. Mzee Ambakisye alisimama kwenye mkutano akasema risasi zake zitapikwa na mkwe wake, na asiyependa atafute ligi nyingine. Atuganile hakuwapo, alisimuliwa. Tangu siku hiyo alimpenda mzee yule kama baba aliyemzaa, na sasa, akiitazama karatasi yenye tundu moja, alikuwa na hofu kwamba yeye ndiye atakayemstaafisha.

Mumewe Lugano alikuwa mhandisi wa vyombo vya angani, miezi tisa ya mwaka yuko juu huko anafunga skrubu. Kwa hiyo mjumbe kati ya fundi na mlengaji alikuwa mama mkwe, Mama Sekela, mwanamke mfupi, mcheshi, ambaye hakuwahi kufikisha ujumbe bila kuutia chumvi. Kila baada ya mashindano Atuganile alimtuma amwulize Baba kama bastola ina tatizo. Kila mara jibu lilirudi lile lile: iko vizuri sana, anashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo. Mama Sekela aliongeza salamu zake mwenyewe na habari za kuku.

Asubuhi hiyo Atuganile aliacha kumsikiliza Pacha, akachukua kioo cha kukuzia, akaikagua bastola yenyewe. Kwenye triga rangi ilikuwa imechubuka mahali pawili. Pa kwanza ni pale ncha ya kidole cha Pacha inapogusa. Pa pili palikuwa pembeni kabisa, pakavu, pameng'aa, na Pacha hakuwahi kupagusa. Akazitandaza karatasi za mashindano mawili yaliyopita. Risasi zilizopotea zote zilikwenda chini, upande wa kushoto, kama za mtu anayeivuta triga kwa pingili badala ya ncha.

Mama Sekela alipoleta uji wa saa nne, alimkuta ameshika kichwa. Akaulizwa swali moja tu: kidole cha Baba kina nini? Mama Sekela, ambaye maneno hayamwishi, akakoroga uji mpaka ukapoa.

Kisha akatoboa. Mwaka jana, kiwandani Tukuyu, mzee alikuwa akiionyesha roboti ya kukausha chai namna ya kufunga mkanda, na mkanda ukamfunga yeye, ukambana kidole cha shahada. Kidole kilipona, lakini ncha yake haina hisia. Ukiigusa na kaa la moto hatajua. Pacha wa mzee alinakiliwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Kutengeneza mwingine kunataka fundi aushike mkono wa mlengaji saa nzima, aupake udongo wa kunakili, aubonyeze kidole kwa kidole. Mzee hangeweza kumwomba mkwe wake jambo hilo. Kwenda kwa fundi mwingine nako hakutaka, maana watu wangesema Atuganile ameshindwa kazi.

"Kwa hiyo akaona afadhali akose," Mama Sekela alisema. "Mimi nikamwambia, mficha uchi hazai. Akaniambia ninyamaze."

Atuganile alilia kidogo, na hakuona haya. Pacha hakuwa na kosa. Alikuwa mkono mwaminifu wa mtu wa miaka kumi na mmoja iliyopita, naye fundi alikuwa akimpikia mtu huyo, msimu mzima, kwa ustadi mkubwa. Chombo kile kiliwapa kila kitu isipokuwa sababu ya kuulizana. Alipangusa macho, akamwambia Mama Sekela ampelekee Baba ujumbe: anaomba kuuona mkono wake.

"Huo siupeleki," alisema Mama Sekela, akikusanya vikombe. "Miaka saba nimekuwa posta yenu. Huu upeleke mwenyewe."

Mchana ule mzee alikuwa sebuleni akisoma habari. Atuganile alifika kwenye korido ya nyumba, taa ya heshima ikawaka, na kwa mara ya kwanza hakugeuka. Alisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo, Baba."

Kiti kililia. Sauti nzito, yenye mkwaruzo, ikajibu, "Marahaba, mwanangu."

Atuganile alieleza haraka haraka, macho yakiwa sakafuni, kwamba amejua habari ya kidole na kwamba hakuna fundi mwingine awezaye kupika mapishi mapya kwa siku mbili. Mzee alifikiri. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa mila lakini pia mtu wa akili, alipata njia: mkono si uso. Pazia likatikisika, na mkono wa kuume wa mzee ukatokeza, peke yake, kama wa mtu anayepokea chenji dirishani.

Atuganile aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mwembamba kuliko wa Pacha, na mkavu. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa ngumu kama kokwa. Alimwambia akunje, anyooshe, avute triga ya hewani, huku yeye akipapasa kila mshipa na kuandika. Mama Sekela alipita na sinia, akawaona, mmoja huku mwingine kule na mkono katikati, akacheka mpaka akaliweka sinia chini.

Baada ya nusu saa fundi alisimamisha kalamu. "Mkono nimeuona, Baba. Lakini mkono unashikwa na bega, na bega linashikwa na mgongo. Sijui unavyosimama."

Mama Sekela aliacha kucheka.

"Desturi hii tuliwekewa tuheshimiane," mzee alisema mwishowe, polepole. "Sisi tumeheshimiana mpaka nimekosa shabaha." Na akalivuta pazia kwa mkono wake mwenyewe.

Atuganile aliinua macho. Kwa miaka saba alikuwa amemjengea mzee huyu kimo cha mnara, na kumbe mzee hakumfikia yeye hata sikioni. Alikuwa na nyusi nene, na tabasamu la Lugano mtupu. Alishindwa kujizuia, akacheka, na mzee akacheka naye ingawa hakujua kinachochekwa.

Ijumaa walikwenda ukumbini pamoja, na watu waliwapisha kama wanaopisha harusi. Atuganile aliisogeza triga karibu na pingili, akaukwangua mpini upande wa kidole gumba, kisha akapika. Alipika mapishi laini, baruti kidogo kuliko kawaida, ili bastola isiruke kabla kidole kizito hakijamaliza kazi. Alipompa Pacha ayaonje, Pacha alikuja juu.

"Kundi la milimita thelathini na nne," alitangaza. "Mapishi haya hayafai. Nashauri yatupwe."

Atuganile alimzima sauti. Pacha amefungwa kwenye zege. Hajui kupumua, wala hajui goti linalouma asubuhi za baridi. Akampa mzee bastola, akasimama kando yake, akamtazama toka kisigino hadi utosi. Walipiga, wakarekebisha, wakapiga tena, na kufikia alasiri matundu ya mzee yalikuwa yanasogeleana kama kondoo wanaorudi zizini.

Jumamosi Atuganile aliketi mstari wa mbele. Ukumbi ulijaa, maana habari ya mwisho wa bingwa hupendwa kuliko habari ya mwanzo wake. Baada ya risasi hamsini na tisa, ubao ulionyesha mia tano arobaini na mbili. Alama nane zilihitajika, na risasi ilikuwa moja. Mzee aliinua bastola, akaishusha. Akaiinua tena, akaishusha tena. Mwamuzi alitazama saa. Watu wote waliigeukia karatasi ya shabaha, isipokuwa fundi mmoja, aliyemtazama mlengaji. Aliliona bega likitulia, aliuona mgongo ukinyooka, akaiona pingili ikikaa mahali pake, na alijua kabla mlio haujasikika.

Kumi. Mia tano hamsini na mbili.

Makofi yalivuma, Mama Sekela akapiga vigelegele mpaka waamuzi wakaziba masikio, na Atuganile akajikuta amesimama juu ya benchi, mtu mzima na akili zake. Mzee aliiweka bastola mezani kwa utaratibu, akavua vizibo vya masikio, akaja moja kwa moja hadi kwenye kizuizi. Hakushukuru. Alikuwa amekunja uso.

"Mwanangu," alisema, "ile risasi ya arobaini na moja imekwenda kushoto. Triga yako bado nzito. Na huu mpini unanikwaruza hapa, tazama."

Atuganile hakuwahi kusikia maneno matamu namna hiyo. Akashuka kwenye benchi, akatoa kalamu, akamwuliza inakwaruza kiasi gani, na mzee akaanza kumweleza, jambo baada ya jambo, bila kumficha lolote, mpaka Mama Sekela alipokuja kuwaambia kwamba watu wanangoja kumkabidhi mzee cheti cha kuendelea na ligi.