Nyinyi ni Wangapi Hapo?

Kaka yangu ni fundi wa makochi. Asubuhi akishafungua karakana, hujaza misumari midogo mdomoni. Huitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuipiga nyundo. Akiwa hivyo, huwezi kuzungumza naye. Ukimuuliza jambo, anakujibu kwa nyusi.

Wakati huo mimi nilikuwa nakata vitambaa na kufagia mabaki ya sponji. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma ya pazia ndiko tulikopika na kulala. Pazia lenyewe lilikuwa limechanika siku nyingi, na hakuna aliyelijali.

Wazazi wetu walipofariki, Kaka ndiye aliyetulea mimi na dada yangu. Watu wakimuuliza habari ya kuoa, alisema, "Hawa wakikua." Basi tukakua. Dada akaolewa na dereva wa lori. Mimi nikachumbiwa na fundi wa baiskeli.

Siku moja nilitoka kwa dada, nikamkuta Kaka anakula peke yake. Alikuwa amesimama, sahani ameiweka juu ya mkono wa kochi la mteja. Nikaona moyoni: nikiondoka mimi, hivi ndivyo atakavyokula kila siku.

Hata yeye alikuwa ameliona hilo. Mteja mmoja alimweleza kuhusu mtandao wa kutafuta wachumba. Unajiunga bure, unaweka picha yako, unaandika habari zako. Lakini kutuma ujumbe ni kwa kulipia. Unanunua salio, na kila ujumbe unalikata.

Kaka akanunua salio. Akatuambia, "Salio hili likiisha bila mke, basi. Mtu asinitajie tena habari ya kuoa."

Tulimjua. Kaka akisema basi, ni basi.

Kosa letu lilianza hapo. Kaka alikuwa anaogopa kuandika. Alisema mkono wake umezoea nyundo, na barua zake zina makosa. Kwa hiyo aliita watu wa nyumbani. Shangazi alikuja. Shemeji, mume wa dada, alikuja. Wakakaa kwenye kochi ambalo halijavikwa kitambaa, sponji nje nje. Mimi nikapewa simu niandike.

"Anza na salamu," akasema Shangazi. "Kisha muulize kama anajua kupika."

"Shangazi, tumeanza na jiko?" Kaka akasema.

"Baba, utaoa picha? Picha haipiki."

Shemeji akainua mkono kama yuko darasani. "Sikilizeni. Mimi lori langu haliondoki nusu. Safari ikishalipiwa, mzigo ujae. Huu ujumbe si unalipiwa? Basi tuujaze! Tuulize yote mara moja."

Wote tukaona ni akili. Nikaandika kila walichosema. Mpaka leo naukumbuka ujumbe ule:

"Habari. Mimi ni fundi makochi, sinywi pombe, meno yangu ni mazima. Je, unajua kupika? Una watoto? Unataka wangapi? Uko tayari kuhama? Kwenu kuna ugonjwa wa kurithi? Wazazi wako ni wakali? Usiogope vitu vyako, shemeji yangu ana lori. Jibu haraka kwa sababu ujumbe unalipiwa."

"Hapo mzigo umekaa," akasema Shemeji.

Tukautuma kwa wanawake wengi, neno kwa neno. Salio likapungua. Simu ikanyamaza kama imezimwa.

"Labda hawajui kusoma," akasema Shangazi.

Mwishowe wawili wakajibu. Wa kwanza alijiita Waridi. Picha yake ilikuwa nzuri mno. Aliandika, "Mpenzi wangu, tangu nilipoiona sura yako sina usingizi. Wewe ndiwe pumzi yangu." Shangazi alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Huyu ana adabu," alisema. "Huyu ndiye."

Lakini Waridi hakujibu swali hata moja. Kaka alimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu, "Mapenzi hayana kazi." Alimuuliza anakaa wapi. Akajibu, "Ndani ya moyo wako." Halafu akaomba nauli. Alitaka itumwe upesi, aje.

Wa pili alikuwa mshona mapazia. Picha yake ilimwonyesha ameketi mbele ya cherehani, sindano ameibana kwenye midomo. Kaka aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Jibu la mwanamke huyo lilikuwa fupi:

"Nyinyi ni wangapi hapo?"

Kaka aliusoma. Akanirudishia simu taratibu. Kisha akachukua misumari, akajaza mdomo, ingawa kochi la kupigilia Shangazi na Shemeji walikuwa wamelikalia.

Wakati huo akaingia jirani yetu, msusi. Alikuwa amefuata kiti chake cha saluni, ambacho Kaka alikuwa amekishona upya. Msusi ni mtu wa maneno. Chanuo limechomekwa kichwani tangu asubuhi, na macho yake hayapitwi na kitu.

"Fundi, kulikoni? Umemeza msumari?"

Kaka akajibu kwa nyusi. Shangazi ndiye aliyeeleza yote, na kunitaka nimwonyeshe ujumbe. Msusi alisoma, akakaa kwenye kiti chake, akacheka mpaka chanuo likaanguka.

"Huu ni ujumbe au ni mahojiano ya polisi? Meno mazima! Nani alitaka kununua meno?"

"Penye wengi hapaharibiki neno," akasema Shangazi kwa hasira kidogo.

"Shangazi yangu, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi na mume wangu tulikutana kwenye mtandao kama huo huo. Naijua njia. Mnanisikiliza, au nichukue kiti changu niende?"

"Tunakusikiliza," akasema Kaka. Misumari ilikuwa imetoka mdomoni.

Msusi akageuka. "Tuanze na Waridi. Umewahi kuisikia sauti yake?"

"Bado."

"Mwombe mzungumze kwa simu, tena ya kuonana uso kwa uso. Na nauli usitume. Mtu ambaye hujaonana naye hatumiwi hela, hata akilia. Wapo wezi wanaoiba picha ya mtu mzuri, kisha wanakaa nyuma yake. Tena ipo mitandao mingine inayoajiri watu wa kujibu tu, ili wewe uendelee kulipia. Wote utawajua kwa jambo moja: unauliza, hawajibu. Wanakusifu tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Kaka akamwandikia Waridi, akamwomba wazungumze. Waridi akajibu kwamba simu yake ina kamera mbovu. Kaka akasema basi sauti tu itatosha. Pumzi yote ya Waridi ikaisha papo hapo. Alimtukana Kaka matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha hakuonekana tena.

"Mh!" akasema Shangazi. "Na mimi nilimlilia."

Msusi alinionyesha pia mahali pa kuripoti mtu kama huyo, ili asiwaumize wengine. Kisha akatuonyesha jambo tusilolijua. Tulipojiunga, tulikuwa tumekubali salio likiisha mtandao ujichukulie hela wenyewe na kulijaza tena. Tukalifunga hilo.

"Kabla hujalipa, soma masharti," alisema. "Ukishindwa kusoma, mpe mtu unayemwamini akusomee. Haya, sasa huyu wa mapazia."

"Huyo nimeshamkosa," akasema Kaka.

"Nani kakwambia? Amekuuliza swali. Mtu aliyekuchoka hakuulizi kitu. Fundi, nikija kununua kochi ambalo silijui, nalikaliaje?"

Kaka akafikiri. "Unakaa ukingoni kwanza."

"Kwa nini nisijitupe?"

"Hujui springi zake. Ukijitupa utaumia, au utalivunja. Unakaa ukingoni, likikupokea unasogea nyuma."

"Basi umejifundisha mwenyewe. Ujumbe wa kwanza ni ukingo wa kochi. Soma kwanza alichoandika yeye kuhusu maisha yake. Chagua jambo moja. Muulize hilo moja. Mwambie na wewe jambo moja la kweli. Akijibu, sogea. Ukiwatumia watu wengi maneno yale yale, kila mmoja ataona hayakuwa yake. Tena ukimpakia mtu maswali kama lori, atakimbia. Samahani, dereva."

"Nimesikia," akasema Shemeji, akijikuna kisogo.

"Na uandike mwenyewe," akamaliza Msusi. "Siku mkionana utamchukua mdogo wako akuzungumzie?"

Kaka alinitazama. Mimi ni mtu wa haya. Katika mashauri yale yote nilikuwa naandika tu. Lakini siku hiyo nilimsogezea simu nikasema, "Kaka, anakungoja wewe."

Aliichukua. Akaenda kukaa pembeni, kwenye mfuko wa mabaki ya sponji, akatugeuzia mgongo. Aliandika kwa kidole kimoja. Alifuta, akaandika tena. Shangazi alinyoosha shingo, Msusi akamvuta kanga.

Alipomaliza alinipa nisome. Aliandika hivi:

"Samahani. Tulikuwa wengi. Sasa niko peke yangu. Nimeona kwenye picha umebana sindano mdomoni. Mimi nabana misumari. Naomba kukuuliza, kitambaa kizito unakikunjaje pembeni kisivimbe? Mimi kinanishinda."

Kulikuwa na makosa mawili ya herufi. Nilitaka kuyarekebisha. Kaka akanizuia.

"Yaache. Ndivyo nilivyo."

Akautuma. Akawainua Shangazi na Shemeji kwenye kochi, akaanza kazi, lakini nyundo ilipiga pembeni mara kwa mara.

Jibu lilikuja akiwa bado anapigilia kochi lile lile. Lilikuwa refu. Mshona mapazia alieleza jinsi ya kupunguza kitambaa kwa ndani kabla ya kukunja, na jinsi ya kukipiga pasi. Mwisho aliandika, "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu kazi yangu. Wote wanauliza kama napika. Na wewe, misumari hiyo hujawahi kuimeza?"

Kaka alicheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu utoto wangu.

Wakaandikiana. Swali moja, jibu moja. Baadaye walizungumza kwa simu, wakaonana sura. Salio likaisha, na hakuna aliyeona haja ya kununua jingine. Wakapanga kukutana.

Msusi akasema mkutano wa kwanza uwe mchana, mahali penye watu, na nyumbani wajue ulipokwenda. Shemeji akasema atawapeleka wote kwa lori.

"Shemeji, lori libaki nyumbani," Kaka akasema. "Nakwenda na mdogo wangu tu. Naye atakaa meza nyingine."

Wakakutana kwenye mkahawa wa chai ulio karibu na kituo cha mabasi. Mshona mapazia alikuja na gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Kabla ya kuketi, aliubonyeza mto wa kiti kwa kiganja. Nikamwona Kaka akitabasamu, maana ndivyo anavyofanya yeye.

"Shikamoo nyingi kwanza, au niulize?" mwanamke akasema.

"Uliza."

"Leo nyinyi ni wangapi hapo?"

Kaka akanyoosha kidole kwangu. "Wawili. Yule pale ni mdogo wangu."

Mshona mapazia akageuka upande wa pili. Huko aliketi msichana mmoja, amejificha nyuma ya kikombe. "Na yule pale ni wangu," akasema.

Tulicheka wote, hata sisi wawili wenye haya.

Hawakuharakisha. Walitembeleana, ndugu wakajuana, wakaoana baada ya harusi yangu. Siku hizi nikienda kuwasalimu, naliona pazia jipya, pembe zake zimelala sawasawa. Makochi ya Kaka nayo hayavimbi tena pembeni, na wateja wameongezeka. Wanabana vyao mdomoni, yeye misumari, mke sindano, nyumba inakuwa kimya. Wakivitoa, hapo ndipo utasikia maneno!

Siku ya kwanza wifi alipoketi nasi kama mke wa nyumba ile, Shangazi alishindwa kujizuia. Alimwuliza kuhusu mapishi, watoto, wazazi na magonjwa, yote kwa pumzi moja.

Wifi alimmiminia chai, akamsogezea kikombe.

"Shangazi, uliza moja moja," akasema. "Hapa hatulipii."