Nyumba Arobaini za Genoveva

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia uwanja na kuosha vyombo, Genoveva alichukua daftari na penseli yake akaenda kwa Bi Sihaba. Na kila asubuhi alimkuta Bi Sihaba bado anachagua kanga.

"Hizi zina doa. Hizi nilizivaa jana mtaa ule ule. Subiri, mwanangu."

Genoveva alisubiri huku akihesabu nzi ukutani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na subira haikuwa sifa yake.

Huo ulikuwa mwaka 1951. Bi Sihaba alikuwa mwalishi, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba mjini Bagamoyo kualika watu harusini na hitimani. Mwezi huo hospitali ilimwomba apeleke habari za kliniki mpya ya watoto wachanga. Mwalimu Fransisko, baba yake Genoveva, aliyehamia pwani kutoka Uluguru, aliona hiyo ni nafasi nzuri. "Likizo hii utajifunza kazi kwa Bi Sihaba," alimwambia binti yake. "Ikiisha, nataka barua yake inieleze ulivyofanya."

Kazi gani hiyo! Genoveva alitamani kukaa ofisini Dar es Salaam, mbele ya taipureta. Badala yake alikaa mikekani. Bi Sihaba alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi, akauliza hali ya mwenye nyumba, ya mume, ya wakwe, ya mguu wa bibi na ya kuku aliyepotea wiki iliyopita. Kliniki ilitajwa mwisho kabisa, Genoveva akiwa ameshaanza kusinzia. Nyumba saba kwa siku nzima!

"Bi Sihaba, kwa nini tusiseme mlangoni tukaondoka?"

"Sema mlangoni wewe. Ukigeuka tu, watakuwa wamesahau hata ulisema nini."

Jumanne ya wiki ya tatu, goti la Bi Sihaba lilivimba, akashindwa kutembea. Zilikuwa zimebaki nyumba arobaini upande wa sokoni.

"Anza leo, kesho uendelee," alisema. "Nesi Mina anakuja Alhamisi na mzani wake. Asipopata watoto ishirini siku ya kwanza, kliniki itahamishiwa Miono. Waambie kinamama kwamba mtoto atapimwa uzito, na mama ataelezwa afya ya mwanawe. Basi. Usitie chumvi!"

Lakini Genoveva aliona habari ile imepoa mno. Nani atatoka nyumbani kwake kwa ajili ya mzani? Alipofika nyumba ya kwanza alisimama mlangoni, akapaza sauti: "Alhamisi watoto watapimwa! Mtoto mnene kuliko wote atatangazwa jina lake mbele ya watu, na atapewa zawadi ya blanketi!"

Blanketi hilo halikuwako. Genoveva alilitunga palepale, akalipeleka nyumba zote arobaini, na kabla ya magharibi alikuwa amemaliza. Alirudi kwa Bi Sihaba kichwa kimevimba kuliko lile goti.

"Arobaini, Bi Sihaba! Zote leo leo!"

Bi Sihaba aliendelea kulikanda goti lake. "Umewasalimia?" aliuliza. Genoveva alijifanya hakusikia.

Alhamisi asubuhi, Nesi Mina alitundika mzani wake kwenye boriti ya banda karibu na soko, akafungua daftari, akangoja. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Ilipofika saa nne, kitu pekee kilichokuwa kimekanyaga banda lile ni mbuzi.

"Nimeupakata mzani huu kutoka Dar es Salaam, mashimo njia nzima," Nesi Mina alisema, akisonya. "Wako wapi hao watoto? Nangoja mpaka alasiri, halafu nafunga."

Genoveva alipandwa na hasira. Watu gani hawa! Alikwenda mbio mpaka nyumba iliyokuwa karibu, ya mama kijana aitwaye Ashatu, akagonga mlango.

"Dada Ashatu, mbona hukumleta mtoto?"

"Mtoto hayupo," Ashatu alijibu kutoka ndani. "Amekwenda Kaole kwa bibi yake."

Mara mtoto akalia, humo humo ndani.

Genoveva alichoka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, aliketi barazani bila kuambiwa. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "nieleze. Nimekosa nini?"

Mlango ukafunguliwa kidogo. "Unauliza?" Ashatu alisema kwa uchungu. "Mwanangu atangazwe unene wake mbele za watu, kila jicho limwangukie? Husuda huijui? Habari hiyo imeenea mji mzima, hata kwa wale aliowaalika Bi Sihaba. Wa kwanza nimemzika, na huyu Kombo tangu juzi hanyonyi vizuri. Nimpeleke akamalizwe na macho ya watu kwa sababu ya blanketi?"

Genoveva alikuwa amekaa miaka minne Bagamoyo, amewasikia kinamama wakisema mashaallah kila wanapomtazama mtoto, na hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Hakuna blanketi," alisema. "Hakuna atakayetangazwa. Niliyaongeza mimi."

"Uliyaongeza? Kwa nini?"

"Ili mje upesi."

Ashatu alimtazama, asijue amcheke au ampige kofi.

Genoveva alikwenda kumwambia Bi Sihaba yote. "Mimi nauguza goti, wewe unaufungisha mji milango!" Bi Sihaba alifoka. Alimtuma akamwombe Nesi Mina afunge pazia la kanga, ili kila mama aingie peke yake na pasitajwe jina la mtu. "Kisha rudi nyumba zote arobaini. Piga hodi, salimia, keti, sema ulidanganya. Moja moja!"

Mpaka alasiri Genoveva alikuwa amefika nyumba kumi na moja tu. Lakini Ashatu alitangulia na Kombo. Nesi Mina alimkuta mtoto na utando mweupe kinywani, akamtia dawa, na Ashatu alipotoka aliwaita jirani zake. Watoto walipofika kumi na wanane, Nesi Mina alianza kufunga daftari. Nje ya pazia zikasikika sauti za wanawake watatu wakigombea zamu. Alilifungua daftari tena, na kliniki haikuhamishwa.

Genoveva alitumia siku nne kumaliza nyumba zilizobaki. Mwezi ulipoisha, Bi Sihaba alimwambia ashike penseli, amwandikie Mwalimu Fransisko barua.

"Andika: Binti yako alidanganya nyumba arobaini. Kisha alizirudia zote arobaini, akasema kweli."

Genoveva alisita. "Bi Sihaba, tafadhali, tuandike hilo la pili peke yake."

"Zote arobaini alizirudia kufanya nini, basi? Baba yako hatauliza?" Bi Sihaba aliisogeza karatasi karibu naye. "Mwanangu, kazi yetu ni kuaminiwa. Mtu akufungulie mlango leo, na kesho ukipiga hodi akufungulie tena. Ukimdanganya, hata kwa jambo zuri, atakufungia hata siku umemletea dawa. Andika yote."

Genoveva aliandika yote, na yeye mwenyewe akaipeleka barua kwa baba yake.