Nilihesabiwa kwa Jina la Marehemu

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu, nauza ndagala wakavu, vile visamaki vya ziwani, katika soko la mji wetu wa Baraka. Mpaka mwaka jana nilijua naitwa Neema. Ndugu wasomaji, nisikilizeni...

Nilikulia kambini Tanzania, ng'ambo ya ziwa, kwa sababu ya vita; nilifika mdogo hata njia siikumbuki. Mama aliyenilea ndiye pekee niliyemjua. Tukarudi nyumbani, tukakaa Baraka; kijijini kwao Swima mama hakukanyaga tena.

Mwaka jana ukoo wetu uliamua kuandika watu wake upya: nani kazaliwa na nani, nani yu hai, nani kafa. Kazi nikapewa mimi, maana najua kusoma. Niliifurahia mno!

Kule Swima nilimkuta shangazi yake mama, bibi mzee sana, ambaye sote tunamwita koko. Nilipoandika jina langu chini ya la mama, akanizuia.

"Neema gani? Neema tulimuzika mu njia, wakati ya vita. Homa ilimuua. Mi mwenyewe nilikuwa pale."

Nikacheka, nikidhani ni uzee. "Basi mi ni nani, koko?"

Akanitazama sana. "We ni Faida, mutoto ya dada ya huyu aliyekulea. Mama yako ya kukuzaa iko Mboko."

Jamani! Mboko, ambako napita kila nikienda Uvira?

Nilirudi Baraka nikamuuliza mama, naye hakukana. Vita vilipoanza, dada yake alikuwa ameniacha kwake Swima akaenda shambani Mboko. Njia zikafungwa. Mama akakimbia na sisi watoto wawili, mwanawe Neema akafia milimani. Kambini, siku ya kuhesabiwa, karani akauliza jina la mtoto. Ulimi wa mama ukakataa kusema Neema amekufa. Akanipa mimi jina lile.

Hilo ningemsamehe palepale. Lakini baadaye mama yangu mzazi alituma watu wanitafute. Wakapita kambini na kipaza sauti: Faida wa Mboko, mama yake anamtafuta! Huyu aliyenilea akasikia... akaendelea kupika. Nami nacheza hapohapo uani!

Nilimpeleka Mboko kwa dada yake. Tulimkuta mama mzazi, mwembamba, akianika mihogo. Nikamweleza mimi ni nani. Hakunigusa. Alimtazama mdogo wake tu.

"Ulisikia bakiita jina yake?"

"Nilisikia, dada."

"Na mi nilimufanyia kilio. Nikanyoa nywele."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tukarudi Baraka.

Sasa naenda Mboko peke yangu. Ananiita Faida, ananipakulia bugali, ananipapasa uso kama mtu asiyeona. Lakini nikimtaja aliyenilea, anageukia ukutani. Na huyu wa Baraka amekonda, kanisani haendi tena. Nikirudi ananiuliza kwa sauti ndogo: "Ulikula kwake?"

Nimwache yupi? Mmoja alinizaa. Mwingine alinibeba mgongoni risasi zikilia...

Ndugu zangu, watu wa kuhesabu wakifika mlangoni, aliyekufa mtajeni kuwa amekufa, aliye hai apewe jina lake. Nanyi mnaoandika ukoo, karatasi za kambini zisiwatoshe! Kaeni na wazee wangali wanapumua, waulizeni kila mtoto ni wa nani.

Na wewe unayelea mtoto wa mwenzio kwa jina lisilo lake, nakusihi, mwambie leo. Atalia. Pengine atakuchukia kwa muda. Mwambie tu... mama yake anamtafuta.