Kiti cha Johana Uani

Wacha niseme mapema ili tusikosane: mimi ni mwalimu wa hesabu, na habari za uchawi huniudhi. Watu wanaoona mapepo kila kichaka nimewafukuza mezani kwangu mara nyingi. Lakini haya yalimpata dada yangu Rodah, tumbo moja, na mkono wangu mwenyewe ulikuwamo. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize.

Ilikuwa Jumanne, Oktoba 1997, huku kwetu kwenye mteremko wa chai, chini ya mji mdogo wa Sosiot. Asubuhi ilikuwa njema. Watu walichuma majani mpaka saa sita, wakayapeleka kituoni, wakakaa kando ya vikapu kungoja lori. Rodah alikuwa katikati ya wanawake, anawavunja mbavu kwa vicheko. Alikuwa mjane wa mwaka wa pili. Mumewe Johana alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, watoto hawakujaliwa, na nyumba yake ilikuwa mwisho kabisa wa mteremko, karibu na mto, mahali ambapo mgeni hapiti ila amepotea. Kile kituo cha majani ndicho kilikuwa nafasi yake ya kuongea na watu. Alikuwa akifika wa kwanza, anaondoka wa mwisho.

Saa tisa, lori limekwisha pita na kila mtu yuko kwake, mvua ya mawe ikapiga. Dakika ishirini tu. Kwa wasiojua, mawe yakishukia chai hubakisha vijiti, na mwenye shamba anaweza kukaa miezi bila kuchuma kitu. Tulipotoka nje, mteremko mzima ulikuwa mweupe. Shamba la Rodah peke yake lilikuwa kijani. Weupe ulikomea kwenye ua wake, umenyooka kana kwamba mtu alipiga mstari kwa rula.

"Mungu huwaona wajane," tukasema, na tukamaanisha. Wiki iliyofuata yakapiga tena. Halafu tena. Mara zote tatu, weupe ulikomea palepale.

Sasa mjadala ukahamia kituoni. Kimutai, kijana wa redio, alisema ni El Niño, maji ya bahari kule Peru yamepata joto. Mzee mmoja akamwuliza, "Na sisi tumewakosea nini hao watu wa Peru?" Mogaka, Mkisii mwenye duka, alilaumu watu wanaokata msitu wa Mau. Wengine wakasema mashamba makubwa yana roketi za kupasua mawingu, na wakiyafukuza kwao yanatuangukia sisi maskini. Isaiah, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kokwet, yaani baraza letu la kijiji, alisema ni dhambi, hasa za vijana. Mimi nikawaeleza habari ya hewa moto kukutana na hewa baridi. Wapi! Hakuna aliyenisikiliza.

Ndipo mwanamke mmoja akasema polepole, "Hiyo El Niño yenu, inajuaje shamba la kuruka?"

Wote wakamtazama Rodah. Yeye akainama, akaanza kupanga majani yake upya kwenye kikapu.

Tangu siku ile hakuna aliyekaa karibu naye. Akifika kituoni, wanawake wanasogea mbali na kikapu chake. Kanisani benchi lake lilibaki la kwake peke yake. Akisema "Chamgei," salamu ambayo kwetu hata adui huitikia, watu walitazama mlima. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti; mimi niliona kwa mbali, nikajiambia yatapita. Shule ilikuwa na mitihani. Nilikuwa na sababu nyingi sana mwezi ule.

Mwisho kokwet ikakaa. Watu walikuwa na hasira ya kweli, maana watoto wao walikuwa wanalala na uji mwembamba, na ng'ambo ya ua chai ya mjane inachanua. Isaiah akatoa uamuzi akiwa ananitazama mimi: Rodah aondoe kitu alichonacho kabla ya Jumapili, ama aondoke, na nyumba yake haitabaki imesimama. Kila mtu alielewa maana yake. Hapakuwa na aliyesema kiberiti, lakini kilikuwa mifukoni.

Alhamisi saa nne asubuhi nikashuka kwake. Jua lilikuwa kali, umande umekauka kitambo. Rodah alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani. Uani, hatua tano kutoka mlangoni, palikuwa na kiti cha Johana, kile kigoda cha miguu mitatu alichochonga mwenyewe alipooa.

"Dada, kiti cha Johana kinafanya nini nje?"

"Punguza sauti," akaninong'oneza. "Amekaa."

Nilitazama kiti. Hakikuwa na mtu. Lakini nyasi zilizokizunguka zilikuwa nyeupe, na juu ya kiti palikuwa na punje za barafu ambazo hazikuyeyuka. Katika jua lile.

Akaniambia yote, bila kuondoa macho uani. Unajua bibi yetu alitufundisha kwamba mawe yakianza kuanguka, utupe shoka nje, makali yaangalie juu, mvua iogope chuma ipite. Ile Jumanne Rodah alitafuta shoka, akakumbuka Isaiah aliliazima tangu Krismasi na hajalirudisha. Mawe yalikuwa yanapasua kila kitu. Kwa woga akakamata kilichokuwa karibu na mlango, akakitupa uani. Kiti kikaanguka kikasimama kwa miguu yake yote mitatu.

Kwetu ukimtolea mtu kiti uani, umemwambia: keti, hapa ni kwenu. Na kiti cha marehemu hapewi mtu usiyemjua, hata awe askofu. Bila kujua, dada yangu aliikaribisha ile mvua. Nayo ikaketi.

"Ni Johana?" nikauliza.

"Siyo. Johana alikuwa anakohoa. Huyu hana pumzi kabisa."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anakaa tu. Mawe yakija, anasimama, anazunguka shamba kwa ndani ya ua. Nasikia anavyokanyaga. Halafu anarudi kukaa."

"Na wewe huogopi?"

"Niliogopa wiki ya kwanza." Akajifunika vizuri. "Siku hizi namwambia habari za shamba. Namwambia nimeota nini. Nani mwingine ananisikiliza, Gibson? Wewe mara ya mwisho kuja hapa ilikuwa lini?"

Nilikuwa naishi dakika kumi kutoka pale. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikamweleza uamuzi wa kokwet. Nikasema kiti tukichome sasa hivi. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usichome. Ni kazi ya mikono ya Johana. Na huyu akifukuzwa vibaya, sijui atafanya nini. Halafu nitabaki na nani?"

Basi nikafanya hesabu, mimi mwenye akili. Nikasema, tukiingize ndani. Watu wasikione. Uani pakiwa patupu, nitawaambia kokwet kitu kimeondolewa, na Jumapili itapita. Rodah akafikiri kidogo, akakubali. Hatukuwaza, si yeye wala mimi, kwamba kiti cha mgeni ukikiingiza ndani, umemwingiza na mwenyewe.

Nikainama, nikakishika.

Kilikuwa kizito.

Kigoda cha kunyanyua kwa kidole, nilikibeba kwa mikono miwili, nikijikokota. Baridi ilinipiga kifuani, chini ya kidevu, pale ambapo kichwa cha mtu aliyebebwa hukaa. Nilipofika kizingitini, Rodah akasogea kando kupisha. Hakutazama kiti. Alitazama juu ya kiti. Kisha akatabasamu kwa adabu, namna ya mtu anayempokea mkwe.

Nikakiweka karibu na meza. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe, sivisikii.

Pale mlangoni neno lilinifika mdomoni: dada, twende kwangu. Lilikuwa neno moja. Nikamfikiria mke wangu Nelvine, nikafikiria majirani wataiita nyumba yangu nini, nikalimeza. Nikasema nitapita Jumapili baada ya kanisa. Jioni nikamwambia Isaiah kitu kimetoka. Akanishukuru, "Kongoi, mwalimu. Bwana asifiwe." Kuhusu lile shoka sikumwuliza.

Ijumaa, saa tisa kasoro, wingu likatokea upande wa Londiani. Jeusi, na tumbo lake la manjano. Tunalijua wingu la namna hiyo. Mteremko wote ukatoka nje kulitazama, wanawake wameshika vichwa. Hata Kimutai alizima redio.

Lilipita juu ya shamba la Isaiah. Hakuna kilichoanguka.

Likapita juu ya kituo. Hakuna.

Likashuka mteremko polepole, chini, chini zaidi, mpaka likatulia juu ya nyumba ya Rodah. Tukasikia mawe yakigonga mabati. Kelele kubwa, ya kuumiza meno. Lakini tulikuwa tunayaona mabati kutoka pale juu. Yalikuwa makavu. Hakuna kilichokuwa kikianguka juu yake.

Yalikuwa yanagongwa kutoka ndani.

Kisha kimya. Wingu likapasuka, jua likarudi. Mtu akapiga kelele, "Machipukizi yamepona!" Na watu, Mungu atusamehe, wakashangilia. Walikumbatiana. Isaiah akaanzisha wimbo.

Mimi nikakimbia. Peke yangu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Niliita. Niligonga. Nikaupiga kwa bega mara tatu, nne, ukavunjika. Mawe ya barafu yakamwagika juu ya viatu vyangu. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka kifuani. Paa halina tundu. Madirisha yamefungwa. Nilichimba kwa mikono. Nikaita jina lake. Nilichimba mpaka kucha zikatoa damu, na barafu ikawa nyekundu kidogo kila mahali nilipogusa. Mogaka peke yake ndiye aliyeshuka kunisaidia, na jembe. Jioni tulikuwa tumefika sakafuni, kona zote nne.

Rodah hakuwapo. Viatu vyake vilikuwa kando ya kitanda. Kanga yake pia. Na kiti hakikuwapo.

Mezani, pale ambapo barafu ilifika na kupita, palikuwa na vikombe viwili vya chai, havijamwagika. Kimoja kilikuwa kimeganda mpaka chini, maziwa na majani vyote barafu. Kilikuwa kimepungua kidogo upande mmoja. Mtu alikuwa amekionja.

Kingine kilikuwa nusu. Kilikuwa cha moto. Mogaka alikigusa, akaondoa mkono haraka, akatoka nje bila kuaga.

Polisi waliandika ametoweka, wakaniuliza kama tuligombania shamba. Mvua za mwaka ule ziliendelea, madaraja yakabebwa, lakini mteremko wetu haukupigwa na jiwe hata moja. Watu wakarudi kwenye mjadala wao kituoni. El Niño, msitu, roketi, dhambi. Walinisalimia kwa mikono miwili. Walisema Rodah alikuwa mwanamke mzuri, mcheshi, na wengine walilia. Niliwatazama wakilia. Nilikuwa na hamu ya kuwapiga, halafu nikakumbuka dakika kumi za njia.

Kile kikombe cha nusu nilikibeba mpaka nyumbani, nikakiweka kabatini, juu, kwa ufunguo. Nelvine hajui. Sikuimwaga ile chai, nilishindwa. Ni miaka sasa. Ukifungua kabati, mvuke unatoka.

Wiki iliyopita nililifungua tena. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, chai mpya, yenye sukari nyingi alivyopenda Rodah. Kuna mtu amemwongezea. Sijui ni nani huko anayemkaribisha dada yangu. Najua kwamba mimi sikumkaribisha.