Maji ya Maungu

Kitu cha kwanza kilikuwa kufuli. Mansur alifika dukani kwake Voi asubuhi, duka la vipuri vya pikipiki, akatia ufunguo nao ukakataa kuzunguka. Akaliinua kufuli akalitazama. Lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ndani, na alikuwa amelinunua wiki mbili tu zilizopita.

Hapo ndipo penye kichekesho, maana mtu mzima huyu alikuwa amejenga hoja ya maisha yake juu ya kutu. Ukimwuliza kwa nini aliihama Mombasa alikozaliwa, akaja kukaa bara kwenye vumbi na ndovu, jibu alikuwa nalo mdomoni: pwani chuma hakimalizi mwaka, nguo haikauki, mtu mwenyewe unaoza umesimama, Voi hewa kavu, usingizi mtamu. Aliyasema hayo hata mbele ya mamake, Bi Nasiha, ambaye Mansur alimleta Voi akae naye alipokuwa hana tena wa kumtunza kule. Mama alikuwa akimsikiliza mpaka amalize, kisha akimjibu kwa upole.

"Wewe na bara lako mmepatana, mwanangu. Nami ningelivumilia. Lakini mwenzangu hapendi bara."

Nyumbani wote walijua mwenzangu huyo ni nani, ila hakuna aliyemtaja. Bi Nasiha alikuwa na jini wa baharini tangu ujana wake, amemrithi kwa nyanyake. Hakuwa na ubaya, mradi apewe ubani wake na aione bahari mara mojamoja. Tangu waje Voi hakuwa ameiona.

Alipozidiwa na maradhi, Bi Nasiha alimwomba mwanawe jambo moja. Akienda Mombasa kuleta bidhaa, amletee dumu la maji ya bahari, yatekwe kwa mawimbi saba, aogeshwe nayo. Alisema anataka amrudishe mwenzake kwao kabla yeye hajaondoka, asije akamwacha ugenini.

Mansur alikwenda, na dumu lilikuwa ndani ya gari. Lakini ufukweni palijaa watu siku ile, naye akajiona alivyo: tajiri wa duka, suruali ameikunja magotini, anahesabu mawimbi kama mganga, na watu aliosoma nao wanamtazama. Akaona haya. Akageuza gari. Alipofika Maungu, Voi ikiwa karibu, alisimama penye bomba akajaza dumu, akanunua pakiti mbili za chumvi ya jikoni, akatia na kutikisa.

Mama aliyachota kwa kiganja, akayaonja, akamtazama mwanawe kwa kitambo.

"Bahari ni ileile," alisema. "Ahsante, babaangu."

Beth, jirani yao Mtaita aliyekuwa shoga wa bibi, ndiye aliyemwogesha. Siku ya tatu Bi Nasiha akafariki, akazikwa Voi.

Arobaini haijafika, kutu ikaanza. Ilitoka kwenye kufuli ikaingia dukani, ikala minyororo ndani ya karatasi zake. Halafu ikaja nyumbani, kwa sura nyingine. Saa saba mchana, jua limesimama utosini na kuku wamejibanza chini ya tangi, Mwanaesha mkewe alikuwa akikuna nazi alipopata harufu ya mwani unaooza, akadhani ni takataka za jirani, akatoka nje akakuta hewa kavu kama siku zote, akarudi ndani na harufu ikamrudia, nzito zaidi, ikitoka chumba cha marehemu, na alipousukuma mlango aliona sakafu imelowa kuanzia kitandani hadi dirishani, unyayo baada ya unyayo, na kila unyayo ulipokauka uliacha chumvi nyeupe. Beth naye aliisikia harufu akiwa uani kwake. Alimwuliza Mansur kwa sauti ya chini, "Baba Aliya, ni ile maji ya nyanya ilibaki?" Mansur alisema hajui.

Kisha Aliya, binti yao wa miaka kumi na mmoja, akakataa maji. Alisema ni machungu. Mamake alimkuta jikoni akilamba chumvi kwenye kiganja, midomo imepasuka, na kikombe alichokubali kunywa kilikuwa kile alichokikoroga mwenyewe kwa chumvi. Hospitalini walimtundikia dripu mbili. Alirudi nyumbani akaanza upya, na kwa wiki moja akakonda mpaka bangili ikamtoka mkononi. Kila mtu aliona kwamba mtoto anakufa kwa kiu, na maji yako mbele yake.

Maalim Idris aliitwa. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtu mpole asiyependa makelele. Alimlaza Aliya mkekani katika chumba cha bibi, akasoma kwa utulivu. Mwanaesha alikaa kichwani pa mtoto, Beth mlangoni, Mansur ukutani. Harufu ya mwani ikapanda. Aliya akafungua macho, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Niliahidiwa bahari."

"Si uliletewa?" aliuliza Maalim.

"Nililetewa nini? Mwulizeni."

Maalim akageuka, akamwuliza Mansur maji yale yalikuwa ya wapi. Mansur alimwona mkewe, akamwona Beth, akaona haya tena. Akasema ya baharini. Hapohapo Aliya akatapika maji, mengi kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kubeba, yakamwagika juu ya mkeka, yakafuata sakafu, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye vidole vya miguu ya babake yakasimama.

"Ya Maungu," alisema Mansur. "Ya bomba. Nilitia chumvi."

Beth aliitazama mikono yake, ile aliyomwogeshea bibi.

"Tulijua," ilisema sauti. "Alionja akajua. Nilitaka kusema, akanikataza. Aliniambia, tunyamaze, mwenzangu, tusimfedheheshe mtoto."

Mansur alijifunika uso kwa kofia yake. Kukamatwa kwa uongo angekuvumilia. Lakini mama alikufa akimsitiri, na yeye alikuwa bado anamshukuru Mungu kwamba mama hakugundua.

Maalim aliagiza kwamba kesho yake mtoto apelekwe baharini, babake ateke maji mbele ya watu na kumwogesha. Akamwonya jambo moja. "Yeyote atakayekuuliza unateka ya nini, mwambie kweli. Huyu amedanganywa mara moja. Akidanganywa tena, haendi kwao. Atahamia kwako."

Kesho yake Mansur alisimama majini, suruali imekunjwa, na Aliya mchangani ameegemea mamake. Alikuwa amefika wimbi la sita aliposikia akiitwa. Alikuwa Badawy, waliyesoma naye chuoni, anacheka.

"Mansur! Watu wa bara mmeanza kubeba bahari kwa dumu? Ya nini hayo?"

Kweli ilikuwa maneno machache tu.

"Ya mtoto," alisema Mansur. "Ana vipele. Daktari ndiye kasema."

Badawy alimpa pole akaenda zake. Wimbi la saba likampiga magotini. Alimwogesha Aliya, naye akakohoa, akaomba maji matamu, akaimaliza chupa nzima. Mansur alilia kwa furaha na kujiambia kwamba vile vipele havikuwa uongo wa kuhesabiwa.

Nyumba ikakauka. Aliya akanenepa. Wiki kadhaa baadaye Beth alipita dukani, akamtania kwamba siku hizi hamsikii akiisifu Voi.

"Mimi Voi naipenda," alijibu Mansur akitafuta kitu rafuni. "Mwenzangu ndiye hapendi bara."

Beth akarudi nyuma hatua moja. Mansur naye alisikia alichosema.

Jioni ile Mwanaesha alimkuta jikoni akikoroga chumvi kwenye glasi ya maji. Alimwuliza ni ya nini.

"Ya kusukutua," alisema Mansur. "Koo linaniwasha."