Papa Aliyepewa Jina la Mtoto

Jumatatu hiyo Filister alifika kazini saa mbili asubuhi, akavaa gambuti, akapima chumvi na baridi ya maji kwenye tangi kama kawaida. Mwajiri wake, Oyaro, alikuwa amejenga ghala lisilo na dirisha nje kidogo ya Kendu Bay, akawa analeta papa wa kilindini kutoka Mombasa kwa lori la barafu, akitumaini watu watalipa kuwatazama. Wanne wa kwanza walikufa. Hakuna aliyemaliza siku tatu.

Huyu wa tano alikuwa anatimiza siku arobaini. Na hakuwahi kula hata kipande kimoja cha samaki.

Nyumbani, binti wa Filister, Lynnet, mwenye miaka saba, alikuwa mgonjwa muda uo huo. Kliniki walipima malaria, wakapima taifodi, wasione kitu. Mtoto alikuwa baridi kama mtungi. Chakula hakugusa. Adhuhuri, jua likiwaka, alinong'ona chini ya blanketi, "Mama, funga mlango. Mwanga unaniuma." Filister alipombusu kwenye paji la uso, midomo yake ilibaki na ladha ya chumvi.

Aliyemfungua macho ni Maroa, fundi wa mashine, Mkuria wa upande wa Migori. Alimvuta nyuma ya jenereta.

"Mama Lynnet, bosi aliwahi kukuuliza jina la mtoto?"

"Aliniuliza. Alisema ni la bima."

"Si bima. Huyu papa alipoletwa alikuwa amelala ubavu, anakufa. Bosi akaja na mtu nisiyemjua. Yule mtu akaliita jina la mtoto wako juu ya maji, mara saba. Papa akageuka."

Filister aliingia ghalani peke yake. Giza. Taa moja nyekundu. Akaweka kiganja kwenye kioo.

"Lynnet," akaita kwa sauti ndogo.

Papa akaja. Polepole. Macho ya kijani, makubwa. Akabandika pua pale pale palipokuwa na kiganja, akatulia, kama mtoto anayengoja kubebwa.

Filister alilia. Kisha akazima mashine ya kupoza maji, akafunga mlango kwa ndani. Maji yakapata joto. Papa alizunguka. Akagonga kioo. Akagonga tena. Saa tisa alielea, tumbo juu.

Alipofungua mlango, Oyaro alikuwa amesimama nje. Hakumgombeza. Alitazama tangi, akamtazama yeye.

"Na umejuaje," akauliza taratibu, "ni yupi kati ya wawili hao aliyekufa, papa au mtoto?"

Filister alikimbia mpaka nyumbani. Lynnet alikuwa ameketi kitandani, mwili una joto, anakula dagaa wa omena kwa mikono miwili. Mama akamkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakasikia.

Mwezi uliofuata jino la mbele la Lynnet liling'oka, na lile la chini yake likaanza kucheza. Filister akampeleka kwa daktari wa meno Homa Bay. Daktari alimulika kinywani. Akamulika tena.

"Mama," akasema, akirudi nyuma hatua moja, "kuna safu nyingine ya meno nyuma ya hii. Na nyuma yake, nyingine."